Kabla ya kununua memori, tazameni diski

Mwandishi, katika makala yako kuhusu kompyuta zinazokwenda polepole umeiachia memori lawama yote. Kwenye kompyuta za mtumba zenye Windows XP, ambazo huku Mbeya na Iringa bado zinachapa barua na mitihani, mara nyingi tatizo ni jinsi diski inavyosafirisha data.

Kwa njia ya DMA, kidhibiti cha diski hupeleka data kwenye memori na kuiacha prosesa ifanye mengine. Kwa njia ya zamani, PIO, prosesa yenyewe hubeba kila kipande, na kasi haizidi megabaiti 16.6 kwa sekunde. Ukinakili faili kubwa, hata kipanya hukwama! Sasa Windows XP, ikikusanya makosa sita ya kusafirisha data, hushusha kasi ngazi moja. Yakiendelea, huishia PIO na hairudi yenyewe.

Makosa hayo hutoka wapi? Kompyuta iliyotoka Dar es Salaam kwa basi imetikiswa zaidi ya kilomita 800 hadi Mwanjelwa, Mbeya. Waya bapa wa diski hulegea. Nyingine hufungiwa waya wa nyuzi 40 badala ya 80.

Mafundi wetu, nawasihi: kazeni au badilisheni waya kwanza, ipimeni diski yenyewe, kisha futeni chaneli ya IDE (njia inayounganisha diski) kwenye orodha ya vifaa na kuwasha upya. Windows itaitambua tena na kurudisha DMA. Inaniuma kuona mwalimu akiuziwa memori asiyoihitaji.