Usiupige Randa Mlango Wakati wa Masika

Ndugu msomaji, masika hayaji na mvua peke yake. Huja na koga juu ya viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda, chumvi inayogeuka maji kikoponi, na milango isiyofungika. Leo tutazungumza juu ya hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo lililowagombanisha watu wawili mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Nami sina budi kukiri kwamba katika ugomvi huo nilikuwa na sehemu yangu.

Jirani yetu mmoja, mama mjane anayejipatia riziki kwa kuuza maandazi, alidunduliza fedha mwaka mzima ili abadilishe mlango wa mbele kabla ya harusi ya bintiye. Bei ya mninga ilimshinda, akachagua mtundu. Mbao zililetwa kwa lori kutoka Tabora mwezi wa Oktoba, wakati ambapo kiangazi cha huko kimekwisha kukausha kila kitu. Seremala wa mtaa alimwomba wiki tatu.

"Mama, niachie mbao hizi zizoee kwanza hewa ya pwani," alimwambia.

Mama akamjibu kuwa harusi haingoji mbao. Fundi akanyamaza, akaziunganisha mbao ubavu kwa ubavu, akaupachika mlango siku mbili kabla ya sherehe. Ulikaa katika fremu hata karatasi isingepita, na sote tukausifu.

Mvua za vuli zilipoanza mwezi wa Novemba, mlango ukaanza kukwaruza. Ilipofika Aprili, ukagoma kabisa. Usiku mmoja mama huyo na wajukuu zake walilala mlango umefungwa kwa kamba, maana komeo halikuweza kulifikia tundu lake. Asubuhi alikwenda kibandani kwa fundi akamwita mwizi mbele ya wateja. Mimi nilipoulizwa, kama mtu anayedhaniwa kuwa amesoma, nilitamka bila kufikiri kwamba bila shaka fundi alitumia mbao mbichi. Neno langu likaenea, na wateja wawili wakazihamisha kazi zao.

Mwezi wa Mei akaitwa fundi mwingine. Alipiga randa ukingo wa mlango mpaka ukafunga barabara. Lakini Februari iliyofuata, joto la kaskazi liliposhika, ukaonekana upenyo wa kupitisha kidole, na ulimi wa kitasa haukuigusa tena fremu. Yule mama akawa ametumia akiba ya mwaka mzima na bado hana mlango.

Ndipo nilipokwenda kumwona fundi wa kwanza. Hakunifokea. Alinikaribisha kwenye benchi lake, akaokota kipande cha mbao akanionyesha nyuzi zake. "Mwanangu," akasema, "mti ukikatwa hufa, lakini hauachi kunywa."

Baada ya hapo nilifuatilia jambo hili kwa makini, na nimeridhika kwamba mzee yule alisema kweli. Mbao hupokea unyevu hewa inapokuwa na maji mengi, na huutoa hewa inapokauka. Katika joto letu, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 50 hivi, mbao hutulia zikiwa na maji yapatayo asilimia 9 ya uzito wao mkavu. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 80, jambo la kawaida pwani wakati wa masika, maji hayo hupanda hadi karibu asilimia 16. Kila yanapozidi, mbao huvimba. Kila yanapopungua, husinyaa.

Ajabu ni kwamba mbao hazivimbi sawasawa pande zote. Kwa urefu, kufuata nyuzi, badiliko ni dogo mno hata halihesabiki. Kwa upana ndiko kwenye matata. Mlango wa mbao zilizounganishwa, wenye upana wa sentimita 80, waweza kuongezeka kwa sentimita moja au zaidi kati ya ukavu wa bara na unyevu wa pwani. Mlango uliopachikwa bila nafasi ya karatasi utaipata wapi sentimita hiyo?

Wahenga wa useremala walilijua jambo hili, wakabuni mlango wa paneli. Wengi wetu hudhani paneli ni urembo. La hasha! Katika mlango wa namna hiyo, paneli hukaa ndani ya mfuo bila gundi wala msumari, ikaachiwa nafasi ya kuvimba na kusinyaa humohumo bila kuisukuma fremu yake. Kinachobaki kuvimba kwa upana ni ile miti miwili ya kando, ambayo kwa pamoja huwa kama sentimita 20 tu. Hapo badiliko ni la milimita tatu hivi, na mlango ulioachiwa nafasi ya kiasi huvumilia.

Basi, ndugu msomaji, unapotaka kuagiza mlango, kabati au meza, yafaa uzingatie mambo machache.

Kwanza, chagua mti kwa kadiri ya mfuko wako, lakini uujue tabia yake. Mninga, mkongo, mvule na mtiki hubadilika kidogo kuliko miti mingi. Mtundu hubadilika zaidi, kwa hiyo wahitaji subira na nafasi kubwa zaidi. Mbao za misonobari, kama zile za Sao Hill kule Mufindi, hufaa kwa kazi nyingi zikikaushwa vema, lakini bila dawa huoza upesi mahali penye maji.

Pili, mpe fundi muda. Mbao zilizotoka mbali zipangwe ndani, kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kwa wiki kadhaa kabla ya kukatwa. Mteja anayeharakisha kazi ananunua ugomvi wa baadaye.

Tatu, rangi au vanishi ipakwe pande zote, pamoja na ukingo wa juu na wa chini ambao hauonekani. Miisho ya mbao ndiyo inywayo maji kwa pupa kuliko sehemu nyingine. Kupaka rangi upande wa sebuleni tu na kuuacha wa nje ni kuualika mlango upinde.

Nne, kabati lisibanwe na ukuta. Liachie nafasi ya kupitisha mkono nyuma yake, na liinuliwe kidogo kutoka sakafuni. Mbao zenye maji zaidi ya asilimia 20 kwa muda mrefu hushikwa na kuvu waozeshao. Wanaonunua kabati za MDF wawe waangalifu zaidi: kingo zake zikilowa huvimba, na hata zikikauka hazirudii umbo lake la awali.

Tano, mlango ukigoma wakati wa mvua, usikimbilie randa. Tazama kwanza kama skrubu za bawaba zimelegea, maana mara nyingi mlango hukwaruza kwa sababu umening'inia. Kisha sugua sabuni kavu au nta ya mshumaa mahali panapogusana. Ikiwa bado umegoma, vumilia mpaka kiangazi, ukaupime tena. Ikibidi kabisa kuranda, kwa ajili ya usalama wa nyumba, ondoa kidogo sana palepale panapokwaruza, na ukingo huo upakwe rangi mara tu unapokauka.

Na yule mama? Alikwenda mwenyewe kwa fundi, akamwomba radhi mbele ya watu, kama alivyomtukana mbele ya watu. Fundi naye alikiri kosa lake: alijua kwamba mbao hazijazoea hewa, akaogopa kupoteza kazi, akanyamaza. Aliongeza ukanda mwembamba wa mninga kwenye ukingo uliorandwa, akahamisha kitasa, akatoza gharama ya mbao tu.

Mimi nilibaki na deni langu. Neno nililolitoa barazani siku ile nililirudisha barazani hapo hapo, nikiwataja wale wateja wawili. Mmoja amekwisha kurudi kwa fundi. Wa pili bado.