Mtungi wa kwanza

Ndugu zetu wa Masasi na Newala,

Katika kikao chetu kilichopita mzee mmoja aliuliza: huyu mwanasiasa Suella Braverman si ana asili ya kwetu Afrika Mashariki? Anayo. Baba yake, Christie Fernandes, ni Mgoa aliyehamia Uingereza kutoka Kenya mwaka 1968, mwaka uleule Bunge la hapa Uingereza lilipopitisha haraka haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wasiingie. Mama yake, Uma, muuguzi, alitoka Mauritius.

Binti yao alizaliwa Harrow mwaka 1980, akasoma sheria Cambridge, akapata uwakili 2005. Mwaka 2015 aliingia bungeni kwa tiketi ya chama cha Conservative, na 2020 akawa Mwanasheria Mkuu. Tunaosomesha watoto sheria katika nchi hii tunajua mlima huo ulivyo mrefu, na heshima yake tunampa.

Ila mwaka 2022, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alisema ndoto yake ni kuona ndege ya waomba hifadhi ikiruka kwenda Rwanda. Neno hilo lilituuma. Tarehe 15 Novemba 2023, siku mbili baada ya yeye kuondolewa uwaziri, majaji watano wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwa kauli moja kwamba mpango ule wa kuwapeleka Rwanda ulikuwa kinyume cha sheria: wakimbizi wangeweza kurudishwa kulekule walikokimbia. Wakili hakupaswa kusubiri aambiwe hilo na majaji.

Sisi tuliozaliwa Mkomaindo, Masasi, hatuwezi kulinyamazia neno hilo. Misheni ya Masasi ilianzishwa na watu wasio na kwao. Askofu Edward Steere, ambaye naye alipata uwakili London kabla ya upadri, aliondoka Unguja mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Safari ilikuwa ya Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaomba wabaki, wakajenga.

Na Newala je? Vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji mwaka 1964, watu walivuka Ruvuma na watoto migongoni, wakapanda kwetu juu Newala. Maji hayakuwepo. Wanawake waliteremka bondeni alfajiri, wakarudi jua limeshawaka, mtungi kichwani. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba mtungi wa kwanza walinyweshwa watoto wa wageni. Baba yangu na ndugu zake walisubiri wa pili.

Mhariri