Wimbo Usiomhitaji Mwenyewe

BARAZA YA JUMA HILI
Na Salim Mwinyikai

Wako watu wazima wenzangu ambao, kila wimbo wa zamani upigwapo redioni, hutikisa vichwa wakasema kuwa wanamuziki wa kale walijaliwa vipaji ambavyo hawa wa leo wamenyimwa. Na wako vijana ambao huwajibu kuwa wazee wanaupenda ujana wao tu, wala si wimbo. Nimezisikiliza hoja hizi mbili kwa miaka mingi, barazani na harusini, na sioni kuwa hata moja inatosha. Ya kwanza husahau kwamba kwa kila wimbo mmoja wa mwaka 1964 tuujuao leo, ziko nyimbo tele za mwaka ule ule zilizokwisha kufa bila ya matanga. Ya pili haiwezi kueleza kwa nini binti aliyezaliwa miaka mingi baada ya santuri kuondoka madukani huinuka kitini mara gitaa la Omar Shabani liingiapo katika "Sina Makosa" ya bendi ya Les Wanyika, ilhali hana ujana wowote wa kuukumbuka humo.

Rai yangu ni nyingine. Wimbo hudumu pale unapotengenezwa kwa namna ambayo kila kilichomo, si maneno peke yake bali besi na gitaa pia, chaweza kuchukuliwa kwa mdomo mtupu na mtu asiye na ala, asiye na sauti ya kusifiwa, na asiyejua hata jina la aliyeuimba. Kisichochukulika kwa mdomo, kiwe kitamu namna gani, hubaki studio. Na wimbo uliojaa vitu vya kubaki studio hauna muda mrefu wa kuishi.

Natoa mfano wa "My Girl" wa The Temptations, uliotolewa na kampuni ya Motown mwishoni mwa 1964 na kushika nafasi ya kwanza nchini Marekani mwezi Machi 1965. Waliotunga ni Smokey Robinson na Ronald White wa kundi la The Miracles, nao waliutunga kwa kuikusudia sauti ya David Ruffin, ambaye hadi wakati ule alikuwa akiitikia nyuma ya wenzake zaidi kuliko kuwaongoza. Ulirekodiwa Detroit, katika nyumba ya barabara ya West Grand Boulevard ambayo Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, aliinunua mwaka 1959, mwaka ule ule aliokopeshwa dola 800 kutoka katika akiba ya jamaa zake ili aanze biashara.

Usikilize mwanzo wake kwa utulivu. Besi ya James Jamerson huingia peke yake, kwa noti chache zinazodunda kama moyo wa mtu asiye na hofu, bila ya madaha yoyote, ingawa mpigaji huyu alikuwa na uwezo wa kucheza mambo ambayo wapiga besi wengine hawakuyathubutu. Kisha gitaa la Robert White hupanda noti sita, moja baada ya moja, likarudia. Na msingi wa wimbo uhamapo, gitaa halibuni jipya, bali hupanda vile vile likianzia pahali pengine. Ndipo Ruffin anapoanza kuimba, naye haanzi kwa kishindo. Fidla na matarumbeta huja baadaye, na kuelekea mwisho wimbo mzima huinuliwa sauti moja, kutoka C hadi D, kiasi kwamba msikilizaji huhisi furaha imezidi bila ya kujua ni nini kilichofanyika. Kila kimoja huingia kwa zamu yake, baada ya kilichotangulia kukaa kichwani. Kwa hivyo mtu aliyeusikia mara mbili aweza kukuimbia besi, akakuimbia gitaa, na maneno akayasahau, na bado ukautambua wimbo.

Wepesi wa namna hii haupatikani kwa bahati. Gordy, aliyepata kuwa kibarua katika kiwanda cha magari, aliweka kikao cha kila juma ambamo nyimbo zilisikilizwa na kupigiwa kura kabla ya kutolewa, na swali mashuhuri la kikao kile lilikuwa hili: kama umebakiwa na dola moja na una njaa, utanunua santuri hii au utanunua mkate wa nyama? Nyimbo zilizoshindwa na mkate zilirudishwa au zikatupwa. Kwetu hakukuwa na kikao cha mkate, lakini kulikuwa na mahakama kali zaidi, nayo ni ukumbi wa dansi. Bendi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Nairobi aghalabu ziliupiga wimbo mpya mbele ya wachezaji kabla ya kuupeleka redioni au kwa wenye studio. Na kama wachezaji walirejea vitini wakati mpiga solo akijionyesha, hapakuhitajika mhakiki wa kumwambia kuwa solo imezidi urefu. Kati ya ubeti na chemko, yaani sehemu ya wimbo inayochangamka, hapana mahali pa kujificha. Les Wanyika wenyewe, waliojitenga na bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978, walikuwa watu waliolelewa na kumbi hizo, na ndiyo maana magitaa yao husemezana badala ya kukatizana.

Sasa tuutazame "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mahadhi yake huenda taratibu, kodi zake ni zile ambazo mwanafunzi wa gitaa hufundishwa mapema, na kisa chake, cha kijana aliyekosa mali ya kumwolea ampendaye, hakihitaji mkalimani Pwani wala bara. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika santuri yao ya 1965, Boney M. wakautia mdundo wa disko mwaka 1981. Na Angélique Kidjo wa Benin akauimba upya mwaka 1991. Afrika ya Kusini, Ulaya, Benin, kila mmoja aliuvisha alivyotaka, wala hapana aliyeweza kuuficha. Mtu asiyejua neno la Kiswahili huuimba kwa kukosea silabi, na wimbo humstahimili.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wapenzi wa nyimbo za kale hawapendi kulitaja. Sifa ile ile iufanyayo wimbo udumu ndiyo imnyang'anyayo mwenyewe; maana kitu kinachochukulika na kila mdomo hakibebi jina la mtu. Fadhili William aliishi akidai kuwa "Malaika" ni wake, na walikuwapo wengine waliodai hivyo hivyo, wakiwamo Adam Salim na Lucas Tututu, na hadi leo ubishi haujesha. Sikusudii kuwahukumu marehemu. Nasema tu kwamba dunia imeuimba wimbo kwa zaidi ya nusu karne bila ya kuona haja ya kungoja hukumu.

Motown haikuwa na uadilifu zaidi. Wapigaji wa nyumba ile ya Detroit, waliojiita The Funk Brothers, walipiga katika nyimbo nyingi zilizoshika nafasi ya kwanza, na kwa miaka mingi majina yao aghalabu hayakuchapishwa juu ya santuri hizo, mpaka Marvin Gaye alipotoa What's Going On mwaka 1971. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles, na wengi wao wakaachwa nyuma. Iko hadithi inayosimuliwa katika filamu ya mwaka 2002 iliyotengenezwa juu yao, kwamba Robert White alikuwa ameketi mkahawani wakati "My Girl" ulipoanza kusikika, na mtumishi alipokuja kumuuliza atakula nini, alitaka kumwambia kuwa gitaa lile ni lake. Kisha akajizuia, akaagiza chakula, kwa kuchelea kuonekana mzee aliyepungukiwa na akili. Jamerson alifariki mwaka 1983, White mwaka 1994, wala hakuna kati yao aliyeiona filamu hiyo.

Sheria za hakimiliki husaidia, lakini aghalabu humtazama mtunzi wa maneno na mahadhi, ilhali mtu aliyebuni noti zile za besi, ambazo bila yazo pengine wimbo usingefika popote, alilipwa ujira wa siku akaenda zake. Jambo hili halitarekebishwa kwa makala moja ya gazeti. Lipo, hata hivyo, lililo ndani ya uwezo wetu na lisilohitaji fedha wala bunge. Watangazaji wa vipindi vya nyimbo za kale hututajia wimbo, bendi na mwimbaji, wakaishia hapo. Nawaomba waongeze nani alipiga solo, nani rithm, nani besi. Na kwa kuwa baadhi ya wapigaji wa bendi zetu za miaka ya 1970 wangali hai, na wanajua nani alikuwamo chumbani siku ya kurekodi, nawaomba wenye redio na wenye hifadhi za kanda wawaendee sasa, waandike majina hayo kanda kwa kanda, kabla ya ubishi wa "Malaika" kurudiwa kwa kila wimbo tuupendao. Kusema hewani kuwa besi ya "Sina Makosa" ni ya Tom Malanga hakumchukui mtangazaji sekunde tano. Wimbo hautamhitaji Malanga ili uendelee kuishi. Sisi tunaouchezea ndio tunaodaiwa jina lake.