Sindano na Rungu

Vijana wenzangu wa kalamu, leo naomba tugombane kidogo.

Tarehe 21 Novemba 2021 Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Disemba asiyechanjwa Korona asihudumiwe katika ofisi za serikali, wala asiingie hotelini au baa. Wakati huo watu wazima waliokamilisha chanjo hawakufika hata 10 katika kila 100. Hebu fikiria! Watu 9 katika kila 10 wafungiwe mlango, na muda waliopewa ni mwezi mmoja. Heri Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo kabla siku haijafika.

Msinielewe vibaya. Mimi nilichanjwa kwa hiari. Nilipanga foleni mara 2. Mara ya kwanza tuliambiwa dawa imekwisha, rudini wiki ijayo. Ndui tunaisoma vitabuni tu kwa sababu ya chanjo. Ninachosema ni hiki: humdai mtu kitu ambacho hujamfikishia.

Wako watakaonijibu kwamba ugonjwa wa kuambukiza si mali ya mtu mmoja, anayekataa anamponza jirani. Kweli. Lakini chanjo hii ilimkinga zaidi aliyechanjwa asife kuliko ilivyomzuia asiambukize. Basi rungu la nini, jamani, kabla ya maelezo?

Nyanya yangu alikuwa na swali moja tu: "Mimi nina presha, haitanidhuru?" Redio haikumjibu, ilimsomea idadi ya waliokufa. Aliyemjibu ni jirani, tena kwa kisa kitamu chenye mwanzo na mwisho: eti fulani alichanjwa Jumatatu, Alhamisi akazikwa. Nami ninayejiita mwandishi nilicheka, nikarudi kwenye riwaya yangu.

Aibu yetu iko hapo. Uvumi ulipata watunzi hodari kutushinda. Serikali iliposhindwa kueleza ilishika rungu, na sisi tunaojua kusimulia tukanyamaza, tukingoja wachapishaji watuone.

Baadaye nilikaa na nyanya jioni nzima, tukanywa chai, nikamweleza kwamba mwenye presha ndiye hasa Korona humwonea. Asubuhi alijifunga leso akaenda mwenyewe. Hakuna askari aliyemshika mkono.

Gonjwa jingine litakuja. Likija, nani atamjibu nyanya yako kwanza, wewe au jirani?