Watengeneza pochi za kripto walipwe, lakini si kwa kutufungia mlango



Wiki mbili zilizopita mmoja wetu alipokea dola 20. Alikuwa ametafsiri kurasa za mradi fulani kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, na mwenye kazi, aliye mbali, akamlipa kwa USDT, ile kripto yenye kufuata bei ya dola. Kwetu sisi wenye diploma za chuo kikuu na bila kazi, dola 20 njo mwezi. Alipotaka kuzituma kwa kambisti, programu yake ya pochi, ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa ya bure, ikamwonyesha mstari mpya: gharama ya huduma, senti 50. Jina la programu tunaliacha. Alikubali juu hakuwa na njia nyingine, kisha akaleta hasira yake kwenye mkutano wetu, na siku ile hatukuzungumza jambo lingine.

Swali lilikuwa hili: programu ya bure ya kutunza kripto, iko na haki ya kuanza kulipisha watu wake? Tulibishana mpaka usiku. Tunaandika hapa tulichokubaliana, na pia pale ambapo hatukukubaliana.

Kwanza tufanye hesabu, juu hasira bila hesabu inapiga mtu asiyehusika. Kwenye zile dola 20, gharama ya mtandao wa kripto ilikula dola moja na nusu. Programu ikachukua senti 50. Kambisti akabakiza dola moja yake. Kisha kutosha zile franga kwenye simu, kule kwenye kabine, dola nyingine ikaenda. Tangu Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na mabenki zikafunga, mwenye noti mkononi njo mfalme, na komisyo anaikata anavyotaka. Mwenzetu alifika nyumbani na dola 16. Na sisi sote, wasomi wazima, tulimkasirikia nani? Yule wa senti 50.

Wengi wanachanganya vitu viwili hapa, na hata sisi tulichanganya. Pochi ya kripto haina franga ndani. Franga iko kwenye daftari la mtandao, na pochi inashika ufunguo tu, yale maneno 12 au 24 uliyoandika kwenye karatasi siku ya kwanza. Gharama ya mtandao ni ya mtandao wenyewe, haiendi kwa waliotengeneza pochi. Ile gharama inapanda na kushuka yenyewe: tarehe 20 Aprili 2024, siku zawadi ya wachimbaji wa Bitcoin ilipokatwa nusu, wastani wa kutuma mara moja ulipita dola 100. Siku ile watu walitukana pochi zao bure kabisa. Kwa hiyo tunapouliza kama pochi ilipishe, tunauliza juu ya kile kipande kidogo ambacho watengenezaji wake wanaongeza juu ya gharama hiyo.

Je, waongeze? Kati yetu kuna watatu waliosoma informatiki. Mmoja wao ndiye alitunyamazisha. Alisema: kila siku tunaandika kwenye ukurasa huu kwamba kijana aliyesoma alipwe kazi yake, kwamba staji ya miezi sita bila hata franga ya moto ni wizi. Sasa yule kijana mwenzetu wa mbali anayekesha kurekebisha programu ili mwizi asiingie, yeye tunamtaka afanye bure mpaka lini? Hatukuwa na jibu. Na huduma ya bure inakufa. Mwaka 2023 BlueWallet ilifunga huduma yake ya Lightning iliyokuwa inawashikia watu Bitcoin zao. Watu waliambiwa watoshe vitu vyao kabla ya mwisho wa Aprili. Mwenye kusahau au kukosa intaneti siku zile alikuwa na shida kweli. Bora huduma yenye bei inayojulikana kuliko ya bure inayofunga mlango na wewe uko shambani Luvungi.

Hivi tunakubali: walipwe. Lakini walipwe kwa nini, na kwa namna gani? Hapo njo ubishi wetu wa kweli.

Sisi Wakongomani tunajua vizuri sana namna mbaya ya kulipisha. Tunakumbuka RAM. Kuanzia Septemba 2020, simu ya 3G au 4G ilidaiwa dola 7 kwa mwaka, zikikatwa kipande kwa kipande kwenye mayuniti. Mama anaweka yuniti apige simu hospitali, anakuta zimekunywewa. Hakuna aliyemwuliza, na hapakuwa na kitufe cha kukataa. Raia walipiga kelele, wabunge wakamwita waziri mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2022 ilifutwa. Ubaya wa RAM haukuwa dola 7 peke yake. Ubaya ulikuwa kwamba mtu alikatwa ili chombo alichokwisha kukinunua kiendelee kufanya kazi.

Njo maana tunasema: kuona salio lako, kusoma maneno yako ya siri, na kutuma franga yako nje ya pochi, hivyo visilipishwe na programu hata senti moja. Ile ni kama kufungua mlango wa nyumba yako. Fundi aliyetengeneza kufuli alipwe siku ya kufuli, au siku unamwita aongeze kingine. Hawezi kukaa kizingitini na kudai kila unapotoka. Senti 50 za mwenzetu zilikuwa za kutoka. Hizo tunazikataa.

Lakini kama pochi inakubadilishia kripto moja iwe nyingine, au inakununulia, au inakuwekea njia ya haraka, pale kuna kazi, na kazi iko na bei. MetaMask inachukua asilimia 0.875 unapobadilisha ndani yake. Phoenix, ya Bitcoin, inachukua asilimia 0.4 na kidogo juu yake unapotuma kwa Lightning, juu wao wenyewe wanakubebea njia ile. Kwa dola 20, ile ya kwanza ni karibu senti 18, na ya pili karibu senti 8. Mtu anaweza kusema ni nyingi au ni kidogo, lakini imeandikwa, na inamfuata mtu kwa kipimo chake. Mwenye kutuma dola elfu analipa cha elfu.

Kinachotutisha zaidi ni bei moja kwa wote. Programu nyingine zimeanza kuzungumza habari ya kulipa kwa mwezi. Dola moja kwa mwezi, kwa mtu wa Ulaya, haijazi hata kikombe cha kahawa. Kwa mwenye kupokea dola 20, ni asilimia 5 ya mshahara wake. Halafu kuna kichekesho chenyewe: dola hiyo wanataka uilipe kwa kadi ya benki. Kadi gani? Benki gani? Sisi tulikimbilia kripto juu mlango wa benki uko na kufuli. Hata tukitaka kulipa hatuwezi, na anayeshindwa kulipa anafungiwa. Majirani zetu wa Tanzania walionja kitu kinachofanana Julai 2021, serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu. Watu walilalamika sana, na Septemba ya mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Na mdogo akifukuzwa kwenye programu nzuri hakai bure. Anatafuta nyingine kwenye kundi la WhatsApp, ile “bure kabisa” ambayo rafiki wa rafiki ametuma. Huko njo kaburi lenyewe. Mwishoni mwa 2018 watumiaji wa Electrum waliletewa ujumbe wa uongo ndani ya programu yao kwamba waishushe upya. Walioshusha ile ya bandia walipoteza Bitcoin zaidi ya 200 kwa jumla. Electrum yenyewe, iliyoanza 2011, ni ya bure mpaka leo, na kila mtu anaweza kusoma maandishi yake ya ndani. Hilo nalo tunaliomba: maandishi yawe wazi. Pochi yenye maandishi wazi ikianza kudai kitu cha ajabu, wengine wanaweza kuyachukua na kuendeleza ileile bila dai hilo. Pochi iliyofungwa ikidai, unapiga magoti.

Pale ambapo hatukukubaliana ni juu ya michango. Wengine wetu wanasema pochi iwe kama Wikipedia, mwenye nacho achange na asiye nacho atumie. Wengine wanasema huko ni kutegemea huruma, na hapa kwetu tumeona miradi ya huruma inavyoondoka na gari zake siku ufadhili unakwisha. Tunaiacha wazi. Mwenye fikra atuandikie.

Kwa waliotengeneza ile pochi ya senti 50 tumeandika barua, Kifaransa na Kiingereza. Tumewaambia waondoe gharama ya kutoka, watafute faida yao kwenye kubadilisha, na wawaambie watu mwezi mmoja mbele kabla ya kugusa bei, kwa lugha ambazo watu wao wanasoma, Kiswahili kikiwemo. Tafsiri tumejitolea kuwafanyia. Si bure, lakini; tumewapa bei.

Na kwa makambisti na wenye kabine wa Kamanyola, ambao walikula dola mbili pale ambapo programu ilikula nusu: tutakuja kuzungumza nanyi pia. Tunajua noti ni chache na barabara ya Ngomo iko vile iko. Bandikeni komisyo yenu ukutani, mtu aione kabla hajafungua simu.

Mwenzetu, yeye, aliamua kuhama pochi siku ileile. Alikuwa anaanza kutuma salio lililobakia kwenda programu mpya, tayari kulipa tena gharama ya mtandao, wakati yule wa informatiki alimshika mkono. Alimwambia aache kutuma; aishushe programu mpya kwenye ukurasa wa wenyewe, si kwenye linki ya WhatsApp, kisha aandike maneno yake 12 mle. Akaandika, polepole, akifunika karatasi kwa mkono hata mbele yetu. Salio likatokea lote.