Kichwa Nacho ni Kiungo cha Mwili

Ndugu mfanyakazi, ukiumia kidole kazini, unakwenda kwa munganga siku ileile. Kapita anaandika, wenzako wanakupa pole, hakuna anayekucheka. Lakini ukikosa usingizi wiki tatu, moyo ukienda mbio bila sababu, bukari ikikosa ladha mdomoni, unanyamaza. Unaogopa neno moja: « wazimu ».

Namfahamu mchimbaji mmoja, mtu wa nguvu, aliyeona jiwe likimwangukia mwenzake chini ya udongo. Yeye alitoka bila kidonda. Lakini kila alipofumba macho, jiwe lilianguka tena. Tumbo likamuuma, presha ya damu ikapanda, dawa za tumbo hazikumsaidia. Akatafuta usingizi katika lutuku, na asubuhi mikono ikatetemeka juu ya mashine. Majirani wakasema amelogwa. Wengine wakawakataza watoto wao kucheza na watoto wake. Mke wake ndiye aliyemshika mkono hadi hospitali, na huko ndiko alikoulizwa kwa mara ya kwanza: « Uliona nini? » Alipona polepole. Leo anashuka kazini.

Huo si uchawi. Mtu akishikwa na hofu, mwili unatoa adrenalini, moyo unasukuma damu kwa nguvu. Kwa dakika chache inamsaidia kukimbia hatari. Hofu ikidumu miezi, inachosha moyo na kufukuza usingizi. Na asiyelala, mkono wake unachelewa pale ambapo kuchelewa kidogo ni kifo. Ugonjwa wa mwili nao unaumiza roho: mwenye kisukari akikata tamaa, anaacha dawa zake. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, inataja mwili na akili pamoja inapoeleza afya ni nini.

Mimi siwalaumu sana majirani. Nalaumu sisi wanaume, tunaoona haya kulia hata kwenye matanga, na wakubwa wa kazi wanaocheka. Kapita, ukimwona mtu wako amebadilika, mwondoe kwenye mashine siku hiyo, zungumza naye pembeni, mpeleke kwa munganga. Mama, hesabu siku ambazo bwana hakulala, ukazitaje mbele ya munganga; yeye mwenyewe atazificha. Dawa akipewa, asizichanganye na pombe, wala asiziache ghafla kwa kuwa amejisikia vizuri.

Mjini Lubumbashi kuna kituo chenye jina la Joseph Guislain, kinachotunza magonjwa ya akili. Jirani yako akirudi kutoka kule, mpe kiti, muulize habari za watoto.