*TAARIFA KWA WANACHAMA: BEI SI SIRI YA JESHI*



Tangu kikao cha tawi kipitishe pendekezo la kupeleka kata ajenda ya ununuzi wa mifumo ya TEHAMA jeshini, simu zimekuwa nyingi. Wapo wanaouliza tawi la bodaboda, mama lishe na walimu linajua nini kuhusu kompyuta za jeshi. Mwenzetu mmoja, mtu wa siku nyingi ndani ya chama na tunayemheshimu, ametushauri tuliondoe mapema kwa sababu mambo ya ulinzi hayajadiliwi na raia.

Hatuliondoi. Na tunaeleza sababu hapa, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Hatujaomba kujua mtambo wa jeshi unaona umbali gani, wala redio za wapiganaji zinatumia masafa gani, wala seva ya Ngome imefungwa chumba kipi. Hayo ni ya jeshi na yabaki ya jeshi. Tunachouliza ni kingine kabisa. Nani ameuza? Kampuni ni ya nani hasa? Tumelipa kiasi gani, na aliyekaa katikati amepewa ngapi? Adui hapati ramani ya kambi kwa kujua kwamba dalali amelipwa.

Wenye umri mnaikumbuka rada. Vijana wa tawi ambao mlikuwa bado hamjazaliwa, someni vizuri hapa.

Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kufutiwa madeni kwa nchi maskini. Mwezi uliofuata, Desemba 2001, Serikali ya Uingereza ikatoa kibali cha kutuuzia mtambo wa rada wa kampuni ya BAE Systems, kwa pauni milioni 28, kwa fedha za mkopo wa benki. Yaani tumetoka kuombewa msamaha wa deni, tukaingia duka jingine kukopa. Hata ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza walipingana. Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, alisema wazi kwamba biashara hii haifai kwa nchi maskini. Tony Blair akaiunga mkono, ikapita.

Halafu wataalamu wakaja. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, liliuchunguza mtambo na mwaka 2002 ikajulikana kwamba kimsingi ulikuwa wa kijeshi. Kwa kuongoza ndege za abiria haukutosha na ulikuwa ghali mno. Tazameni mpangilio wenyewe: mkataba kwanza, kibali kikafuata, utaalamu mwisho! Hata mtu anayenunua pikipiki ya mkononi humwita fundi kabla ya kutoa hela.

Ya kamisheni tulikuja kuyajua kwa sababu Waingereza walipelekana mahakamani. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark jijini London, BAE ilikiri kosa la kutotunza vizuri hesabu zake kuhusu biashara hiyo. Haikukiri rushwa, na sisi hatuiongezei neno. Lakini ilielezwa mahakamani kwamba dola milioni 12.4 hivi zilikwenda kwa kampuni za wakala mmoja. Hiyo ni karibu theluthi ya thamani ya mkataba wote. Kampuni ikatozwa faini ya pauni 500,000 na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Ndiyo ile tuliyoiita chenji ya rada, iliyokuja kununua vitabu na madawati.

Jiulizeni: katika miaka yote hiyo, nani hapa nyumbani alikuwa na karatasi ya kutuonyesha? Chenji yetu imedaiwa na mahakama ya watu wengine.

Sasa msidhani rada ilikuwa ajali ya zamani imekwisha. Mifumo ya leo ni mibaya zaidi kwa mnunuzi asiye makini. Lori la jeshi likinunuliwa kwa bei ya kuumiza, bado ni lori. Fundi wetu analifungua na linatembea. Programu ya kompyuta siyo hivyo. Ufunguo anabaki nao muuzaji. Leseni inadaiwa kila mwaka, marekebisho anafanya yeye, na siku mkigombana naye mnabaki na masanduku yanayowaka taa tu. Kwa hiyo anayeficha mkataba wa programu anaficha na madeni ya miaka inayokuja.

Wakubwa nao wameungua. Jeshi la Anga la Marekani lilitaka mfumo mmoja wa kusimamia vifaa na vipuri badala ya mifumo zaidi ya 200 ya zamani. Novemba 2012 wakaufuta, wakiwa wametumia zaidi ya dola bilioni 1 bila kupata kitu cha kutumika. Walikurupukia mradi mkubwa kabla hawajajua kazi zao wenyewe zinaendaje, na wasimamizi wakawa wanabadilishwa kila mara. Lakini kamati ya Seneti ilichunguza, na mwaka 2014 ripoti ikatolewa hadharani. Marekani ina siri nyingi kuliko sisi, na haikuanguka kwa kuitoa.

Kenya hapo jirani, mikataba 18 ilipitishwa kwa kisingizio cha usalama, mingi ikiwa ya mitambo na mawasiliano, katika sakata la Anglo Leasing. Mwaka 2014 bado walikuwa wanalipa: shilingi bilioni 1.4 za kwao kwa kampuni mbili, baada ya kushindwa kesi Ulaya.

Pendekezo letu halihitaji miujiza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 ilikuwa na wazo zuri la vyombo vya ulinzi kuwa na orodha mbili, ya wazi na ya siri. Tunataka ya siri iwe fupi, na kila mwaka ipitiwe na kamati ya Bunge, hata kama ni kwa milango iliyofungwa. Mfumo wa mishahara ya askari, wa bohari, wa hospitali za jeshi: siri yake ni ipi? Upite NeST kama wa halmashauri. Kwenye orodha ya siri nako, CAG aone kila karatasi, na jumla ya bei na jina la mwenye kampuni vitangazwe. Wakala wa kamisheni asiwepo kabisa. Malipo yaende kwa vipande: kipande kidogo kije, askari wakitumie, kikifanya kazi ndipo kinacholipwa kingine. Na wahandisi wa JWTZ wakae mezani kabla ya kusaini, wakiwa na haki ya kufungua na kurekebisha kinachonunuliwa.

Anayetuambia kuuliza hivi ni kulichukia jeshi, tunamkumbusha kwamba tawi hili lina wazazi wa askari. Redio ikikatika mpakani, anayebaki gizani ni mtoto wa mwanachama huyu wa kadi. Dalali hayupo kule.

Pendekezo linakwenda kata kama lilivyo. Mwenye hoja ya kulipinga aje Jumapili saa 10 jioni, ofisi ya tawi, aseme mbele ya wenzake. Nakala ipo kwa katibu.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi*